Risala ya Wafanyabiashara na Wenye Nyumba wa Kalangalala Kuhusu Mafundi wa Viyoyozi na Umeme

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Geita, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa mitaa, mabibi na mabwana,

Sisi wenye maduka, famasi, maabara na nyumba za kulala wageni wa Kata ya Kalangalala tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza. Leo hatukuja kuomba barabara, ingawa tungeweza. Tumekuja na jambo moja: tunashindwa kumtambua fundi mwenye leseni kabla hajapanda ngazi.

Mheshimiwa, mgodi wa dhahabu wa GGM ulianza uzalishaji mwaka 2000, Geita ikawa mkoa mwaka 2012, soko la dhahabu likafunguliwa Machi 2019. Mji ukakua, na siku hizi anayefungua ofisi anafunga na kiyoyozi. Nyumba za wageni nazo zinafunga hita za maji, maana asubuhi ya hapa si ya Dar es Salaam. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, fundi wa Mwanza hasubiri kivuko tena. Tumefurahi. Ila kishoka, fundi asiye na leseni, naye hasubiri kivuko.

Kiyoyozi kikiacha kupoza, fundi tuliyempata kwa namba ya simu ya kuokoteza hufika na mtungi begani na jibu lake tayari: gesi imeisha. Anajaza, analipwa, anaondoka. Wiki chache baadaye joto limerudi, na yeye kaitwa tena. Mheshimiwa, gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua ujue inavuja. Fundi anayejua kazi hutafuta kwanza panapovuja, akaziba, akavuta hewa na unyevu kwa pampu, ndipo akapima gesi kwenye mizani kulingana na kibandiko cha mtengenezaji. Mwenzetu mmoja wa famasi alikisoma kibandiko mwenyewe: R-410A. Mtungi wa fundi ulikuwa umeandikwa R-22. Alipohoji, akajibiwa kwamba gesi zote kazi yake ni baridi. Kompresa ikafa, na dawa zisizotakiwa kuvuka nyuzi 25 zikahamishiwa kwa jirani.

Upande wa umeme ndiko tunakoogopa zaidi. Tumekuta kiyoyozi cha BTU 18,000 kimeungwa kwenye waya wa 1.5 mm², ule wa taa, viungo vimezungushiwa solotepu na breka yake hakuna. Tumekuta hita ya bafuni ambayo waya wake wa kijani wenye mstari wa njano umekatwa na kukunjwa nyuma ya kifuniko. Waya huo ndio unaopeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea. Usipokuwepo, njia inayobaki ni mwili wa mgeni anayeoga.

Tukiuliza leseni, kila mtu anatoa karatasi yake. Mmoja anatoa TIN, mwingine leseni ya biashara, mwingine cheti cha VETA, mwingine kitambulisho cha kampuni aliyokwisha kuacha kazi. TIN ni ya kodi. Leseni ya biashara inamruhusu kufanya biashara, haisemi kama anajua kufunga nyaya. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kinaonyesha amesoma, na tunakiheshimu. Lakini kazi ya kufunga umeme inataka leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nayo ina madaraja: daraja ndilo linalosema fundi huyu anaruhusiwa kugusa nini. Kampuni ya ukandarasi inatakiwa iwe imesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, na usajili uwe hai. Haya tumeyajua kwa kuulizana, wengi wetu baada ya hasara. Na hata hapo pana pengo, kwani anayejua waya si lazima ajue gesi.

Ipo pia biashara ya mihuri. Fomu ya kuomba umeme inataka muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Hapa mjini zipo nyumba zilizofungwa nyaya na mtu mwingine kabisa, na mwenye muhuri hajakanyaga kiwanja.

Hatusemi vijana wafukuzwe. Baadhi ya mafundi tunaowaamini walijifunza kwa kumbebea mtu spana na hawana karatasi hata moja. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha waliojifunza kazi nje ya darasa. Tunadai wapimaji waletwe hapa Geita, na somo la gesi liwemo. Muda hautusubiri: chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuachana na R-22 ifikapo 2030, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo, na baadhi ya gesi zinazochukua nafasi yake, R-32 na R-290, zinashika moto. Fundi asiyetofautisha mitungi leo anaua kompresa. Kesho atachoma nyumba.

Tunadai orodha ya mafundi na wakandarasi wenye leseni hai wanaofanya kazi Geita ibandikwe kwenye ofisi ya kata na za mitaa, ikiwa na jina, picha, namba ya leseni, daraja na tarehe ya kuisha, na ibadilishwe kila robo mwaka. Tunajua taarifa za leseni zipo mtandaoni. Mama mwenye vyumba sita vya wageni na simu ya kitochi hazimfikii. Tunadai mwenye muhuri asaini pamoja na mwenye nyumba, kwenye nyumba yenyewe, nyaya zikiwa bado zinaonekana. Tunadai pawe na mtu mmoja, ofisi ya kata, wa kupokea malalamiko na kuyafikisha EWURA au CRB, ili tusizungushwe.

Sisi kwa upande wetu tutadai risiti na namba ya leseni kabla ya kulipa, na tutaacha kumchagua fundi kwa sababu tu ametaja bei ya chini. Hilo nalo limechangia, tuseme ukweli.

Tunaomba majibu ya madai haya yasomwe kwenye mkutano wa hadhara ujao wa kata, hata kama jibu ni hapana.