Msituvishe Baridi Isiyo Yetu

Mwaka 1980 Mmarekani Carole Jackson alitoa kitabu, Color Me Beautiful, akawagawa watu kwa majira manne ya kwao: machipuo, joto, mapukutiko na baridi. Weusi wengi akawasukumia kapu la baridi. Miaka zaidi ya 40 imepita, na kapu hilohilo limerudi kwenye TikTok. Binti wa Temeke anaambiwa yeye ni "baridi", basi aachane na rangi ya chungwa, ya dhahabu na kahawia. Baridi gani, ya Temeke? Nani amemwona na kanga ya chungwa begani akathubutu kusema haimpendezi?

Kuomba ushauri wa mavazi si kosa. Mimi nilifundwa na shangazi. Kariakoo, alikuwa hanunui kanga ikiwa bado imetundikwa. Ataishusha, asome jina, afikiche pindo kwa vidole, kisha ajitupie begani na kutoka nayo mlangoni, juani. Mara nyingi aliirudisha. "Nzuri, ila si yangu," alisema, na muuzaji hakununa.

Mshauri wa kwenye simu hana mlango wa kukutoa juani. Hajui kwamba saa kumi na mbili asubuhi umesimama ndani ya daladala, umebanwa kila upande. Anakupa orodha ileile anayoigawa dunia nzima: koti refu la krimu, bleza, sweta la kujifunga shingoni, eti vya lazima! Koti hilo nililinunua. Februari, Dar es Salaam, mgongo ulilowa chapachapa kabla sijafika kituoni. Na chini ya video pana kiungo cha duka. Ukibofya ukanunua, mara nyingi naye anapata kamisheni yake. Ndiyo maana mwezi ujao atakwambia koti limepitwa na wakati. Ukiridhika na ulichonacho, yeye atakula wapi?

Tena washauri hao wanatuambia tuna "umbo la peasi", tufiche nyonga. Tuzifiche kwa kosa gani? Fundi cherehani wa mtaani kwetu hajawahi kunitamkia neno hilo. Anazungusha tepu, anaandika namba, halafu ananiambia, "Hebu kaa, dada," aone gauni litabana wapi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, zima hiyo video. Chukua gauni unalolivaa mpaka limechuja, mpelekee fundi akushonee jingine kwa kipimo hicho, kwa kitenge ulichokitoa mwenyewe mlangoni ukakitazama juani. Kikiwa cha chungwa, na kiwe cha chungwa.