Beki hapimwi kwa futi kamba

Ndugu mwandishi, umesema klabu za Bukavu zisipoteze nauli kumpeleka majaribio beki wa kati asiyefika mita 1.85. Nakataa. Fabio Cannavaro, mwenye mita 1.76, alikuwa nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia 2006. Hata kwenye futiboli ya Kimarekani, ambako vijana wa vyuo hupimwa kwa mizani na saa kabla ya kuchaguliwa na timu za ligi ya kulipwa, Jason Kelce, mmoja wa wanaomkinga mrusha mpira, aliachwa hadi nafasi ya 191 mwaka 2011 kwa kuonekana mdogo. Akaja kuteuliwa mara sita kikosi bora cha ligi.

Njoo uwanja wa Concorde, pale Kadutu, ukae nyuma ya goli. Acha mpira, tazama miguu. Juzi nilimwona beki mmoja mfupi: krosi haijapigwa, yeye ameshageuza nyonga na kurudi hatua mbili. Mshambuliaji alipofika akakuta pa kurukia pameshakaliwa. Futi kamba haioni hilo.

Kwenye kona urefu unasaidia, sibishi. Ila umewafungia mlango watoto ambao hujawatazama hata dakika tisini.