SUFURIA INAYONG'AA SI LAZIMA IWE SAFI



Katika vijiji vyetu vingi mwanamke husifiwa kwa sufuria zake. Zikipangwa juu ya kichanja na kung'aa kama kioo, wapita njia husema, "Hapa pana mke." Zikiwa na masizi, husengenywa. Sifa hii imekwenda mrama. Inapima nje ya sufuria, na chakula hupikwa ndani.

Itazame kazi yenyewe. Msichana anatoka shuleni. Anapewa sufuria 4 au 5 na kopo la mchanga. Anasugua mpaka vidole vinachubuka. Jua linazama hajafungua daftari. Kaka yake yuko uwanjani anacheza mpira. Na mchanga ule umechotwa wapi? Mara nyingi umechotwa mtoni, mahali ng'ombe wanaponyweshwa na watoto wanapojisaidia. Mchanga wa namna hiyo unaweza kuwa na vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo. Kisha vyombo vinasuzwa katika beseni moja. Maji ni yale yale, toka sufuria ya kwanza hadi kijiko cha mtoto. Mwisho vinafutwa kwa kanga kuukuu. Vinang'aa kweli. Lakini je, ni safi?

Tena sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini ni laini. Mchanga huikwaruza. Katika mikwaruzo hiyo mabaki ya chakula hujificha. Kadiri unavyosugua kwa mchanga, ndivyo sufuria inavyozidi kuwa nyembamba na ngumu kusafisha. Mwishowe inatoboka, na fedha inatoka mfukoni kununua nyingine.

Masizi ya nje hayamdhuru mlaji. Yakiwa mazito, yaondoe. Lakini yako njia nyepesi, nayo bibi zetu waliijua. Kabla ya kuinjika, paka nje ya sufuria udongo laini uliokorogwa na maji, au sabuni ya mche. Masizi yatashika juu ya udongo au sabuni, si juu ya sufuria. Ukiosha, yatatoka bila vita.

Upo pia weusi wa ndani. Wengi huuogopa. Hutokea ukichemsha maji mara kwa mara, au ukipika maharage kwa magadi. Weusi huu si uchafu. Ni alumini yenyewe iliyobadilika rangi kwa sababu ya magadi au ya madini yaliyomo katika maji. Usiuparuze. Ukikuudhi, chemsha maji yenye vipande vya ndimu au ukwaju kwa dakika chache. Sufuria itarudi nyeupe. Maji hayo yamwage, usiyapikie. Na ukoko ulioganda chini? Uloweke kwa maji tangu mapema, ukaendelee na kazi nyingine. Maji hufanya kazi usiku kucha wala hayachoki.

Sasa tuseme juu ya sinki. Baadhi ya vijiji vimepata maji ya bomba, na katika zahanati na nyumba kadhaa utaona sinki la chuma kisichoshika kutu. Chuma hiki kilianza kujulikana mwaka 1913, wakati Bwana Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alipochanganya chuma na madini ya kromiamu. Kromiamu hufanya ngozi nyembamba sana juu ya chuma. Ngozi hiyo huzuia kutu. Lakini watu wakiona doa, huleta mchanga ule ule wa sufuria, au nyuzi za chuma za kusugulia. Nyuzi hizo huacha vipande vidogo, navyo ndivyo vinavyoshika kutu. Kesho mwenye sinki analalamika kwamba ameuziwa kitu kibovu, kumbe kutu ameileta mwenyewe!

Doa la chai au la mafuta litoe hivi. Lowanisha sinki. Nyunyiza magadi soda kidogo. Sugua taratibu kwa kitambaa laini, ukifuata mistari ya chuma chenyewe. Suza, kisha kausha. Kama ni doa jeupe kama chokaa, hilo limetokana na maji ya chumvi. Lipake siki au ndimu, ngoja dakika chache, usuze. Usiache chumvi au maji ya chumvi yalale ndani ya sinki, kwani chumvi hutoboa ngozi ile.

Jambo moja ni la hatari. Dawa ya klorini ya kuulia vijidudu usiichanganye kamwe na siki wala ndimu. Hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Kama umetumia moja, suza kwa maji mengi kabla ya kuleta nyingine.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Wanaume walichimba pamoja na wanawake. Kuosha vyombo nako hakuna jinsia. Mtoto wa kiume ana mikono miwili kama dada yake, naye hula katika sahani hizo hizo.

Anachohitaji ni maji safi, sabuni, beseni la pili la kusuzia, na dodoki. Vyombo vikishaoshwa vipangwe juu ya kichanja, juani, vikauke vyenyewe bila kanga. Dodoki nalo lianikwe, na likianza kunuka litupwe. Halina gharama. Panda mbegu kando ya ua mvua zinapoanza, litapanda lenyewe. Liache likaukie pale pale kwenye mmea, ndipo ulimenye na kukung'uta mbegu za msimu ujao.