MWALIMU ALIYEWAKABILI MADAKTARI

Wasomaji wetu, kila yatajwapo matibabu yasiyolipiwa mlangoni katika nchi ya Kanada, jina lisemwalo kwanza ni la Tommy Douglas, kiongozi wa Jimbo la Saskatchewan. Hatumnyimi haki yake. Lakini twaona sifa haikugawanywa sawasawa, kwani aliyeubeba mzigo huo hata ukafika ni Woodrow Lloyd, na huyo alikuwa mwalimu wa shule.

Alizaliwa mwaka 1913, akafundisha, akawa mwalimu mkuu, kisha rais wa chama cha waalimu wa jimbo lake. Mwaka 1944 alichaguliwa kuingia Barazani, akawa Waziri wa Elimu hata 1960. Wanachama wetu wasiipite habari hiyo ya chama. Twadhani mtu aliyezoea kustahimili maneno ya wajumbe wenye hasira, na ada zisizolipwa kwa wakati, amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya uwaziri.

Tangu 1947 watu wa Saskatchewan walikuwa na bima ya kulazwa hospitalini; lililosalia ni ujira wa daktari. Novemba 1961 Lloyd akarithi Uwaziri Mkuu wa jimbo, na sheria ikapitishwa mwezi huo huo. Ilikusudiwa ianze Aprili 1962, ikaahirishwa mpaka Julai. Kwa maoni yetu miezi ile mitatu iliwafaa wapinzani kuliko Serikali.

Tarehe 3 Mei aliwaendea madaktari mwenyewe katika mkutano wao mjini Regina, akawaeleza. Alipokwisha kusema, wasiokubali kufanya kazi chini ya sheria ile waliambiwa wasimame. Karibu wote wakasimama. Nasi tujuao jinsi mkubwa mmoja akikunja uso ofisini jalada zima hurudi kabatini, twastaajabu kuwa hakuliondoa jambo lake.

Tarehe 1 Julai sheria ikaanza, na madaktari wengi wakafunga milango. Mgomo ulidumu siku 23. Serikali ilileta madaktari kutoka Uingereza, na Lord Taylor, naye daktari wa huko, akasuluhisha. Mapatano yakatiwa sahihi mjini Saskatoon tarehe 23 Julai. Madaktari waliruhusiwa kufanya kazi nje ya mpango wakitaka, na kuendelea kulipwa kwa kila tendo la matibabu. Wako wasemao kwamba hapo mwalimu alilegea. Hatukubali. Aliachia namna ya kulipa, lakini neno kwamba kila mkazi awemo, maskini na tajiri, hakuliachia hata kidogo. Mgonjwa hamwulizi daktari hundi yake imepita dirisha gani.

Malipo yake kwa wapiga kura yalikuwa kushindwa katika uchaguzi wa 1964. Walioshinda hawakuifuta sheria ile. Mwaka 1966 Bunge la Kanada likapitisha sheria ya kuyasaidia majimbo yafanye vivyo hivyo, na kufikia 1972 yote yalikuwa yamekwisha kuingia. Mwaka huo huo Lloyd alifariki mjini Seoul, akiwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa.