Hofu ya ziwani nayo ipimwe

Ndugu Mhariri,

Watafiti wa Afrobarometer huwauliza Watanzania ni mara ngapi wamejihisi hawako salama wakitembea mtaani, au wamehofia uhalifu nyumbani. Swali jema, maana anayeogopa si lazima awe ameshaibiwa. Ila kwetu Bangwe hofu kubwa iko ziwani. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, na taa zilezile zinazovuta samaki humwonyesha haramia ulipo mtumbwi wenye injini. Akiogopa, havui mbali. Dagaa hupungua sokoni hata kama usiku huo hakuna aliyeporwa. Wahadhiri wanaochunguza hofu ya uhalifu waje mwaloni asubuhi, wawaulize wavuvi. Na wake zao pia, wanaokesha wakisubiri.

Msomaji wako,
Bangwe, Kigoma