Ustawi wa Jamii siyo ofisi ya kugonga muhuri

Haya wadau, nimerudi. Najua nilipotea. Nilikuwa field wiki nane kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri moja (siitaji) na huko mtandao ni wa kuvizia. Nilitaka nianze na picha, ila leo kantini nimekasirishwa, kwa hiyo picha baadaye.

Nilikuwa nawasimulia washkaji kisa kimoja. Wiki ya tatu walikuja wazee wanne ofisini, wawili upande wa binti, wawili upande wa mwanaume, wamependeza utadhani wanapeleka posa. Binti ana miaka 14, yuko darasa la saba, mjamzito. Yeye kaachwa nyumbani. Mwanaume ana duka lake, mtu mzima kabisa. Wameshakaa na kukubaliana: laki saba na mbuzi wawili. Baba mkubwa wa binti akasema kwa heshima zote, "Mama, sisi ni ndugu, tumeshayamaliza. Wewe tuandikie tu kwamba ni matunzo, utugongee muhuri."

Mama afisa akawasikiliza mpaka mwisho, halafu akanyanyua simu akaita dawati la jinsia na watoto la polisi. Nyie! Maneno aliyotolewa siyaandiki hapa.

Basi jamaa yetu mmoja, tena anasoma Sheria, akadakia: "Huyo mama kavunja familia. Kwani kazi ya ustawi si kupatanisha?" Meza nzima ikaitikia.

Jamani, hapana. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94, inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto. Wa mtoto, siyo wa ukoo. Kweli, kifungu cha 95 kinamruhusu afisa kumwita mzazi anayekwepa chakula, mavazi au matibabu ya mwanawe, wakae wazungumze. Hapo ndipo watu walipoizoea ofisi, wakadhani kila kitu kinamalizwa kwenye lile benchi. Lakini baba kukwepa matunzo ni jambo moja, mtu mzima kumpa mimba mtoto wa miaka 14 ni jingine. Hilo la pili ni ubakaji, hata binti akisema alikubali, na kifungo chake ni miaka 30 kwenda juu tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Afisa ustawi hana ubavu wa kulifuta. Karatasi ile ingegongwa muhuri ingekuwa risiti tu: mtoto kauzwa, pesa imepokelewa.

Ila jamaa aliuliza swali moja la maana: huyo akifungwa, nani atamlisha binti? Wale wazee hawakuwa mashetani, walipiga hesabu wakaona laki saba ni afadhali kuliko patupu. Sasa hapo ndipo halmashauri ilitakiwa iwe na jibu. Kliniki, pa kulala kama nyumbani wanamtishia, mtu wa kufuatilia arudi shule (ruhusa ya waliojifungua kurudi ipo tangu Novemba 2021). Yote hayo yanataka hela na usafiri. Mama yule alienda kumwona binti kwa bodaboda, nauli ya mfukoni mwake, sabuni na khanga kanunua mwenyewe. Gari ni la wote, ustawi wako divisheni moja na afya, na siku hiyo lilikuwa kwenye chanjo. Sisemi chanjo isiende! Lakini kila siku anayesubiri ni yuleyule. Mkurugenzi akisimama jukwaani, ustawi wa jamii anautaja vizuri sana, bwana.

Na kuna mnaocheka kwamba tunasomea "kusuluhisha ndoa". Nimewazoea.

Binti nilionana naye wiki ya mwisho. Aliniuliza kama mtihani wa darasa la saba umeshapita. Nikamwambia umepita juzi.

Kwa mliokulia kwenye mitaa ya "tutayamaliza kifamilia": namba ni 116, bure, na kifungu cha 95 kinasema kutoa taarifa ni wajibu wa kila mtu, siyo wa jirani mbea peke yake. Yule jamaa wa Sheria nimemtumia link. Akikaa kimya namfuata hosteli kwake kesho baada ya semina.