Yaliyorukwa darasani

Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa Marekani, sanamu ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, iliondolewa Antwerp ikiwa imechomwa moto na kupakwa rangi nyekundu. Kwetu Kindu, Maniema, hakuna sanamu ya kung'oa. Kazi ya hapa iko kwenye kaye za wanafunzi.

Vitabu vya wakoloni vilikuwa na kisa kimoja kuhusu Maniema: Waarabu waliteka watu, Wabelgiji wakaja kuwakomboa. Si uongo mtupu. Julai 15, 1871, mvumbuzi Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa pwani wakifyatulia risasi soko la Nyangwe, ambako wauzaji wengi walikuwa wanawake. Waliojitupa Lualaba, wengi walikufa maji. Mwalimu asiyelisema hilo kwa kuwaonea haya mababu wa jirani zake anadanganya kama Mbelgiji.

Ila kuna mwaka uliorukwa: 1887. Mwaka huo Leopold, aliyejinadi Ulaya kuwa adui wa utumwa, alimfanya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, kuwa gavana wake Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Miaka mitano baadaye vita vikazuka kati ya Wabelgiji na wafanyabiashara hao wa pwani, na pembe za ndovu zilizokuwa zikienda Zanzibar zikageuzwa njia kuelekea Atlantiki. Chifu Ngongo Lutete, aliyewapigania Wabelgiji, aliuawa kwa amri ya maofisa wao Septemba 1893. Askari wake hawakusahau: 1895 waliasi Luluabourg.

Kisa cha ukombozi kilifaa pia kufungia watu milango. Mkataba wa 1906 kati ya Leopold na Vatikani uliipa nguvu misheni ya Kikatoliki katika elimu, na kwa miongo mingi mtoto wa Mwislamu wa Kasongo aliyetaka Kifaransa alipita kwa padri. Shule za serikali zisizo za dini kwa Wakongo zilisubiri hadi 1954, wakati wa Buisseret, waziri wa makoloni wa Ubelgiji.

Toleo hili linadai jambo linalowezekana wiki ijayo. Tippu Tip, kabla ya kufa 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto wa Alunguli, hapa Kindu, hahitaji mkalimani kuielewa. Anajisifu kwa vita vyake, na anayahesabu meno ya tembo kwa makini kuliko watu. Zisomwe darasani kurasa chache za maisha hayo, kando ya kitabu cha Kifaransa, na wanafunzi wayahoji maandishi yote mawili: nani alibeba pembe hizo, na alilipwa nini?